Maofisa Vijana na Maasi ya Kiel: Chuo Kilifundisha Nini?

Wengi wetu tumesoma habari za Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji na kuangamia hapo tarehe 11 Julai, 1915. Yaliyolipata jeshi lililoituma hayajulikani sana. Mwaka 1918 Jeshi la Wanamaji la Kaisari, lililokuwa la pili kwa ukubwa duniani, lilivunjwa na mabaharia wake wenyewe. Katika makala hii tunachunguza swali moja: maofisa vijana, ambao kazi yao ilikuwa kuishi na mabaharia hao usiku na mchana, walikuwa wamefundishwa nini?

WALIVYOPATIKANA MAOFISA

Ujerumani ya wakati ule ilikuwa dola ya makabaila na mabepari. Manowari zilijengwa kwa jasho la wafanyakazi na kuendeshwa na watoto wa wafanyakazi, lakini kuziongoza ilikuwa haki ya tabaka jingine. Kijana aliyetaka kuwa ofisa alihitaji elimu ya juu ya sekondari na wazazi wenye uwezo wa kumchangia fedha kwa miaka kadhaa. Kabla ya vita mafunzo yalichukua kiasi cha miaka mitatu na nusu: mazoezi ya askari wa miguu, safari katika meli ya mafunzo, mwaka mmoja katika Chuo cha Mürwik kilichofunguliwa mwaka 1910, kisha mizinga, topido na utumishi melini. Alijifunza urambazaji, alijifunza pia kupigana kwa upanga, kupanda farasi na kucheza dansi, ili awe bwana miongoni mwa mabwana. Mwishoni maofisa walipiga kura kuamua kama anafaa kuwa mwenzao. Baharia atakayeongozwa naye hakuulizwa. Hata maofisa wahandisi, ambao bila wao meli isingesogea, walihesabiwa kuwa wa daraja la chini.

Tusidhani kwamba vijana hao walikuwa wajinga au waoga. Walikuwa hodari katika ufundi wao. Walichokosa ni kuwafahamu watu waliopewa kuwaongoza.

MAISHA YA BANDARINI

Vita vilipoendelea, upungufu huo ulidhihirika. Baada ya pigano la Jutland, mwishoni mwa Mei 1916, meli kubwa zilikaa bandarini muda mrefu zaidi kuliko baharini. Kazi ikawa kufagia sitaha, kupakia makaa na kupiga saluti. Katika majira ya baridi ya mwaka 1916 na 1917 Wajerumani wengi walikula mizizi iliyozoeleka kuwa chakula cha mifugo. Mabaharia walipunguziwa posho, lakini maofisa walikuwa na jiko lao na mvinyo wao.

Katika manowari Helgoland alikuwamo Richard Stumpf, fundi bati aliyeandika shajara tangu 1914 hadi 1918. Alianza vita akiwa na imani kubwa na Kaisari. Kurasa za mwisho zimejaa uchungu juu ya maofisa. Mtu huyo hakuhitaji mchochezi kutoka nje. Sahani yake ilimtosha.

Mwaka 1917 wakuu waliruhusu kamati za chakula ambamo mabaharia wangewakilishwa. Makapteni wengi wakapuuza. Tarehe 1 Agosti, katika Prinzregent Luitpold, onyesho la sinema lilifutwa na mabaharia wakaamriwa mazoezi. Wachochea makaa 49 wakatoka melini, 11 wakaadhibiwa, kesho yake mamia wakaondoka kuwatetea. Ofisa kijana mwenye masikio angeweza kuyamaliza mambo hayo kwa mazungumzo. Badala yake ikaundwa mahakama ya kijeshi, na watano wakahukumiwa kifo. Tarehe 5 Septemba wawili walipigwa risasi: Max Reichpietsch, mwenye umri wa miaka 22, na Albin Köbis, miaka 24.

CHUO KIMOJA, MATUNDA MAWILI

Hapa inatupasa kuwa waangalifu. Maofisa wa nyambizi na boti za topido walitoka katika tabaka lilelile na chuo kilekile. Hata hivyo vyombo vyao kwa jumla havikuasi. Ni kweli kwamba mabaharia wa nyambizi walilishwa vizuri zaidi. Lakini ofisa wao alikula walichokula, alilala karibu nao, na bomu lililowaua halikumbagua. Hali ya kazi ilimfundisha yale ambayo chuo kilimnyima.

Kosa likazidishwa na uhamisho. Maofisa vijana waliokuwa bora walitolewa katika meli kubwa na kupelekwa kwenye nyambizi. Nyuma walibaki wengi wasio na uzoefu, waliojifunika ubwana ili kuficha upungufu wao.

Mwishoni mwa Oktoba 1918, wakati serikali yenyewe ilikuwa ikitafuta kusimamisha vita, wakuu wa majini walipanga pigano la mwisho dhidi ya Waingereza. Mabaharia walikataa kufa kwa ajili ya heshima ya maofisa, na walikuwa na haki. Katika Thüringen na Helgoland wachochea makaa walizima moto. Nyambizi U-135 na boti za topido zilielekezewa Thüringen ili kuwalazimisha waliogoma wasalimu amri. Tarehe 3 Novemba, mjini Kiel, doria iliyoongozwa na luteni ilifyatulia risasi maandamano, na watu wasiopungua 7 wakafa. Kesho yake mji ulikuwa mikononi mwa mabaharia. Tarehe 9 Kaisari alianguka.

FUNZO

Historia hii inatufundisha mambo matatu. Kwanza, ofisa anayechaguliwa kwa tabaka lake ataitumikia tabaka yake hata akiwa fundi hodari. Pili, chuo ni nusu ya mafunzo. Nusu ya pili hupatikana melini, katika chakula kimoja na hatari moja, na mwenye kuigawa meli katika majiko mawili ameifunga shule hiyo. Tatu, malalamiko ya mabaharia ni taarifa. Kamati ya chakula ingegharimu meza na saa moja kwa juma.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kiel inatuonyesha kwamba hata chombo chenye nahodha mmoja hukwama ikiwa walio chini, penye moto na makaa, hawana sababu ya kumwamini. Kada anayepelekwa kuongoza watu, awe melini, kiwandani au kijijini, aanze kwa kuuliza watu hao wanakula nini.