Okteni na Bidoni: Petroli ya Bujumbura

Burundi haina visima vya mafuta wala bandari ya bahari. Petroli ya Bujumbura hutoka mbali, hasa Dar es Salaam, kwa malori au kwa kupitia Ziwa Tanganyika, na mgogoro wowote wa njiani huonekana upesi kwenye vituo vya mafuta. Julai 1996, baada ya Pierre Buyoya kutwaa madaraka, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, vikasitishwa Januari 1999. Katika kipindi hicho magendo ya mafuta yalishamiri.

Mbali na upatikanaji, kuna suala la ubora. Kwa miongo mingi petroli ya Afrika ilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, ili kuinua okteni, yaani uwezo wa mafuta kustahimili mgandamizo bila kuwaka yenyewe kabla ya wakati. Azimio la Dakar la 2001 lilitaka sumu hiyo iondolewe, na kufikia 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha.

Lakini okteni kubwa haifai kila gari. Mafuta ya magari ya mbio, ambayo okteni yake mara nyingi hupita 100, yanafaa injini zenye mgandamizo mkubwa. Teksi ya kawaida, kama Toyota Probox, haiongezewi nguvu na mafuta hayo. Kinachopungua ni fedha za mwenye gari. Bujumbura hatari iko upande wa pili, yaani okteni ndogo mno. Katika uhaba wa miaka ya karibuni, madereva wengi wamenunua petroli ya bidoni iliyovushwa kutoka Uvira, nchini Kongo, kupitia mpaka wa Gatumba. Ikichanganywa na mafuta ya taa, okteni hushuka: gari likipanda mlima kuelekea Bugarama, injini hugonga, na hali hiyo ikiendelea pistoni huweza kutoboka. Okteni ya kufuata ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.