Herufi za Vizingiti

Mwenye barua ya serikali ya enzi za Operesheni Kigoma, ile ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, mwaka 1972, na aitoe sandukuni aitazame. Karani wa Kasulu au Kibondo aliyetaka nakala tatu alipachika karatasi tatu na kaboni mbili kwenye taipureta, kisha akagonga kwa nguvu. Nakala ya tatu hutoka na ukungu, lakini husomeka, kwa kuwa kila herufi imeukanyaga mstari kwa mguu mnene. Mguu huo si pambo. Taipureta ya kawaida huipa kila herufi nafasi sawa, iwe m au i. Ile i nyembamba ingeachwa hivyo hivyo, neno lingeonekana kama lina pengo la jino. Ndiyo maana ikawekewa ubapa mpana chini.

Ubapa huo tuuiteje? Herufi za kukoza tunazo, za mlazo tunazo, na fonti imeshapata uraia. Hapa wengi wetu husema “serifu” na kunyamaza.

Hata huko herufi hizi za miguu minene zilikotoka, jina lilisumbua. Vincent Figgins, mtengeneza herufi wa London, alipozitoa mwanzoni mwa karne ya 19, aliziita za Kikale. Wengine wakaziita za Kimisri, maana baada ya vita vya Napoleon huko Misri, nchi hiyo ilikuwa gumzo la mji, ingawa Mafarao hawakuhusika hata kidogo. Zilifaa matangazo ya ukutani, ya kusomwa na mpita njia asiyesimama. Mwaka 1845 Robert Besley akaleta fonti ya Clarendon, yenye miguu iliyolainishwa penye maungio.

Nami nimejaribu majina. Kwato? Ng'ombe hana kwato kichwani, ilhali I ina ubapa juu na chini. Kitako? Neno tamu, maana herufi hizi kweli zimekaa kitako. Lakini nalo halipandi juu.

Jibu liko kwa seremala. Katika fremu ya mlango, mbao mbili za wima ni miimo. Za kulala, ya juu na ya chini, zote ni vizingiti. Basi I ya aina hii ni mwimo mmoja na vizingiti viwili, na vyote vinakaribiana kwa unene. Ncha nyembamba za herufi za vitabu zibaki serifu. Hizi nene ziwe herufi za vizingiti. Lugha yenyewe haitashangaa: “herufi” tumeitoa kwa Waarabu, na kwao harf ni ukingo pia.

Atakayepinga atasema kizingiti ni kikwazo. Ni kweli, na ndiyo kazi yake hasa: katika ile nakala ya tatu, chini ya kaboni iliyochoka, kiliizuia herufi isipotee.