Mkanda mwekundu wa Prestwick

Tarehe 2 Julai 1851, mabwana wa eneo la Ayrshire, magharibi mwa Scotland, walikutana katika nyumba ya wageni ya Red Lion mjini Prestwick wakaanzisha klabu ya gofu. Waliojiandikisha walikuwa 57. Prestwick ulikuwa mji mdogo wa pwani, na ardhi yake iliyotenganisha reli na bahari haikumfaa mkulima: vilima vya mchanga, mabonde ya ghafla, majani mafupi magumu, kijito cha Pow Burn na upepo wa bahari usiokoma. Kwa gofu, ardhi ya namna hiyo ni dhahabu. Tena tangu mwaka 1840 treni za Glasgow na Ayr zilikuwa zikipita kando yake, kwa hiyo mchezaji alishuka stesheni na baada ya hatua chache akawa uwanjani.

Historia ya klabu hii huanza na majina ya wakubwa, na hapana budi watajwe. Mlezi wake alikuwa Earl wa Eglinton, tajiri aliyekuwa amejulikana Uingereza nzima tangu 1839, alipoandaa kwenye ardhi yake mashindano ya farasi na mikuki kwa mtindo wa mashujaa wa kale. Maelfu walifika, mvua ikawanyeshea kwa kiasi cha kuharibu sherehe yote. Miongoni mwa waliovaa deraya siku zile alikuwa rafiki yake, James Ogilvie Fairlie. Miaka 12 baadaye, Fairlie ndiye aliyekuwa moyo wa klabu mpya ya Prestwick. Lakini fedha na vyeo vya watu hawa visingefika mbali bila fundi mmoja waliyemleta kutoka upande wa pili wa nchi.

Huyo ni Tom Morris, mzaliwa wa St Andrews mwaka 1821, mtoto wa mfumaji. Kazi aliifundishwa na Allan Robertson, fundi wa mipira ya gofu na mchezaji aliyehesabiwa kuwa bora kuliko wote zama zake. Mipira waliyotengeneza ilikuwa ya ngozi iliyoshonwa na kujazwa manyoya. Manyoya ya kujaa kofia ndefu nzima yalichemshwa, kisha yakashindiliwa kwa nguvu kupitia tundu dogo hadi mpira ukawa mgumu kama jiwe. Fundi hodari alimaliza mipira mitatu au minne kwa siku, na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida.

Mwaka 1848 ukaja mpira wa gutapacha, utomvu wa miti ya nchi za Wamalay. Ulilainishwa kwenye maji ya moto, ukafinyangwa kwa mkono, ukapoa ukakauka. Ni utomvu huohuo uliotumika kufunika nyaya za simu za maandishi zilizolazwa chini ya bahari, ukiwemo waya uliotoka Aden ukafika Zanzibar mwaka 1879. Robertson aliuona mpira huu kuwa adui wa riziki yake na hakutaka kuusikia. Siku moja Tom aliishiwa mipira akiwa mchezoni, mwenzake akamwazima wa gutapacha, naye akaupiga. Habari zikamfikia Robertson, wakagombana, ushirikiano wao ukavunjika. Fairlie, aliyekwisha kucheza na Tom mara nyingi na kuujua uwezo wake, akamwita Prestwick.

Tom alihamia huko mwaka 1851 na mkewe Agnes, pamoja na mtoto mchanga, Tommy, aliyezaliwa Aprili mwaka huohuo. Alipewa kazi ya kutunza uwanja na kutengeneza fimbo na mipira ya wanachama. Kwanza, hata hivyo, ilibidi uwanja wenyewe uwepo. Eneo halikutosha mashimo mengi, basi Tom akachora 12, yakipishana na kukatana katika ardhi ile finyu. La kwanza lilikuwa na urefu wa yadi 578, mwendo wa kutisha kwa fimbo za mbao na mipira ya utomvu. Jingine, liitwalo Alps, lilimlazimu mchezaji kuupiga mpira juu ya kilima bila kuona unakoangukia. Shimo hilo linachezwa hadi leo, likiwa la 17 katika uwanja wa sasa.

Mafundi na watu wa kazi wa Prestwick nao waliunda klabu yao mwishoni mwa 1851, wakaiita klabu ya mafundi, na wakatumia uwanja uleule. Tom alikuwa mmoja wao. Baadaye klabu hiyo ilichukua jina la Prestwick St Nicholas, na ingali hai. Mtumishi wa mabwana upande huu, mwanachama kamili upande ule: hivyo ndivyo Tom alivyoishi Prestwick, na ajabu ni kwamba hakuonekana kunung'unika. Mtoto wake wa kiume aliyezaliwa 1856 alimpa jina zima la bwana wake, James Ogilvie Fairlie Morris.

Septemba 1859 Allan Robertson akafariki. Kiti cha mchezaji bora kikabaki wazi. Fairlie na wenzake wakaona njia ya kumpata mrithi: klabu mbalimbali zitume wachezaji wao wa kulipwa Prestwick, wapimane. Wakati ule mchezaji wa kulipwa hakuwa nyota. Alikuwa kedi aliyewabebea mabwana fimbo, au fundi kama Tom, aliyeishi kwa ujira mdogo na kwa dau la wakubwa waliomchezesha. Barua za mwaliko zilisisitiza waletwe makedi wanaojulikana na wenye heshima, na kila jozi ya wachezaji ikapewa mtu wa kufuatana nayo na kuandika mikwaju.

Zawadi ilikuwa mkanda wa kiunoni, wa ngozi nyekundu ya Moroko wenye vipande vya fedha vilivyonakshiwa, ulionunuliwa kwa pauni 25. Si vigumu kuona wazo hilo lilitoka wapi: waliouchagua ni walewale waliopenda deraya na mikuki ya 1839. Pesa haikuwemo. Zaidi ya hapo, mshindi hakuruhusiwa kuondoka na mkanda mpaka atoe dhamana ya kuiridhisha kamati kwamba utatunzwa salama. Mtu anapewa tuzo ya kuwa bora kuliko wote, na papo hapo anadaiwa dhamana asije akaipoteza! Sharti hilo moja linaeleza nafasi ya wachezaji wale kuliko hotuba yoyote.

Jumatano ya tarehe 17 Oktoba 1860 walijitokeza wanane. Walizunguka mashimo 12 mara tatu, siku hiyohiyo moja. Wengi walimtegemea Tom, kwani uwanja ni wake, aliuchora na kuutunza kwa mikono yake. Lakini Willie Park wa Musselburgh alipiga mikwaju 55, kisha 59, kisha 60, jumla 174. Tom akamaliza kwa 176. Mkanda ukaenda Musselburgh.

Mwaka uliofuata mashindano yalifunguliwa kwa kila mtu, wa kulipwa na wa ridhaa, na Fairlie mwenyewe akashuka uwanjani. Hapo ndipo jina la The Open, yaani mashindano ya wazi, lilipopata maana yake. Tom alishinda 1861, akashinda tena 1862 kwa kumwacha aliyemfuata mikwaju 13, kisha 1864 na 1867. Ushindi wa 1864 ulimpatia pauni sita, zawadi ya kwanza ya fedha kutolewa kwa bingwa. Kufikia hapo St Andrews walikuwa wamekwisha kumrudisha kwao.

Aliyevunja mpango mzima wa mabwana ni yule mtoto mchanga wa 1851. Tommy alikulia kwenye mchanga wa Prestwick na kusoma Ayr pamoja na watoto wa wenye uwezo. Aliutwaa mkanda mwaka 1868 akiwa na miaka 17, baba yake akiwa wa pili. Akautwaa 1869. Mwaka 1870 alianza kwa kulimaliza lile shimo la yadi 578 kwa mikwaju mitatu, akazunguka duru ya kwanza kwa 47, akashinda kwa jumla ya 149, mikwaju 12 mbele ya waliomfuata. Kanuni ilisema anayeshinda mara tatu mfululizo anauchukua mkanda moja kwa moja. Akauchukua, safari hii pasipo dhamana.

Prestwick ikabaki bila cha kushindania, na mwaka 1871 mashindano hayakufanyika. Suluhu ilipatikana pale klabu ya Prestwick, ile ya St Andrews na ile ya Edinburgh zilipochanga pauni 10 kila moja na kuagiza jagi la fedha, huku zikikubaliana kupokezana uenyeji. Tommy alishinda tena 1872, huko huko Prestwick, jagi likiwa halijawa tayari. Alifariki Siku ya Krismasi 1875, akiwa na miaka 24.

Klabu iliongeza ardhi na mashimo yakafika 18. The Open ilirudi mara kwa mara hadi ikatimiza mara 24, ya mwisho ikiwa 1925, wakati umati ulipofurika kati ya mashimo kiasi kwamba wachezaji walikosa hata nafasi ya kupiga. Aliyeulea uwanja kwa sehemu kubwa ya muda huo ni Charlie Hunter, mmoja wa wale wanane wa 1860. Mwaka 1868 alishika kazi iliyoanzishwa na Tom, akaitumikia kwa zaidi ya miaka 50.