Uwanja wa Mashindano katika Nchi Isiyo na Farasi

Kila jamii ina viwanja vyake vya kushindania. Waingereza walipokuja kutawala Afrika ya Mashariki walikuja na mbio za farasi, na mjini Nairobi mchezo huo ulishika mizizi. Uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954 ungali unatumika hata leo. Mgeni aingiapo katika uwanja wa namna hiyo huwa na maswali matatu: asimame wapi, atazame nini, na ni nani atakayeamua mshindi. Kwa mbio za farasi majibu yake si magumu. Liko jukwaa la watazamaji, uko mstari wa mwisho, na wako waamuzi walioajiriwa kuutazama mstari huo. Mtazamaji huweka fedha yake kwa kubahatisha, kisha hana la kufanya ila kungoja.

Katika makala hii tunakusudia kumwongoza msomaji katika uwanja wa namna nyingine, yaani uwanja wa mashindano ya ngoma ya Wasukuma, kuanzia Shinyanga hadi ukanda wa dhahabu wa Geita. Tutajaribu kuyajibu maswali hayo matatu ya mgeni. Tutaona kwamba jibu la swali la tatu, la nani anayeamua, ndilo linalobeba fundisho kubwa la uwanja huu.

Lakini kwanza yafaa tueleze kwa nini nchi hii haikuwa nchi ya farasi. Farasi ana maadui wawili wakubwa katika Afrika ya joto. Adui wa kwanza ni mbung'o, ambaye huwaambukiza wanyama ugonjwa wa nagana. Adui wa pili ni ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, wadudu wadogo mno waumao hasa wakati wa usiku. Pundamilia huishi na magonjwa haya bila kudhurika sana, na punda naye huyavumilia kuliko farasi. Ndiyo sababu punda hupatikana katika vijiji vya Usukuma akibeba maji na mizigo, lakini farasi hana nafasi katika jadi ya nchi hiyo.

Habari ya mbung'o si jambo dogo katika historia ya Shinyanga. Baada ya vita kuu ya kwanza, mapori yenye mbung'o yalikuwa yamewabana watu na mifugo yao. Katika miaka ya 1920 wananchi, wakiitwa na watemi wao, walitoka kwa maelfu kufyeka vichaka ili mbung'o wakose kivuli cha kuishi. Mwingereza Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa utafiti wa mbung'o katika Tanganyika, aliweka makao ya kazi yake Shinyanga, na aliiendesha hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Vitabu vingi vilivyoandikwa zama za ukoloni vilimsifu mtaalamu huyo. Sisi hatuna budi kukumbuka pia mikono iliyoshika mashoka. Ardhi iliyofyekwa ilijaa ng'ombe na mashamba, na baadaye, hasa katika miaka ya 1940 na 1950, Wasukuma wengi walihamia magharibi, kuelekea Geita, katika nchi iliyokuwa ya Wazinza na majirani zao. Walihama na ng'ombe, na mbegu za pamba, na ngoma zao.

Kazi hiyo ya pamoja ndiyo inayotufikisha kwenye mashindano. Msukuma wa zamani hakulima peke yake. Vijana wa mahali pamoja waliunda chama cha kazi, elika, wakaenda kulima shamba la mwenzao kwa zamu, au shamba la mtu aliyewaalika kwa malipo ya mnyama au chakula. Walilima kwa safu, ngoma zikipigwa nyuma yao, na majembe yakipanda na kushuka kwa mapigo ya ngoma. Hapo ndipo ilipotoka ngoma ya bugobogobo, ambayo hadi leo huchezwa na watu walioshika majembe mikononi, wakiyarusha na kuyadaka. Vikundi viwili vilipokutana katika shamba moja, kila kimoja kilitaka kumaliza mstari wake kwanza. Basi mbio zilikuwapo, ila zilikuwa mbio za jembe, na mwisho wake mwenye shamba alikuwa amelimiwa.

Mavuno yalipokwisha kuingia ghalani, mashindano yalihama kutoka shambani kwenda uwanjani. Huko Wasukuma walijigawa katika vyama viwili vikubwa vya ngoma: Wagika na Wagalu, au kwa matamshi ya wenyewe, Bagika na Bagalu. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba katika karne ya 19 waliishi waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, kila mmoja akidai kuwa dawa yake ina nguvu kuliko ya mwenzake. Kubishana kwa maneno hakukuleta jibu. Wakaamua kupimana kwa ngoma: wacheze siku moja, mahali pamoja, kwa wakati mmoja, nao watu waachwe waende watakako. Atakayewavuta watu wengi ndiye mwenye dawa. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, na wafuasi wa Gumha wakawa Wagalu, na ushindani wao ukaenea Usukuma nzima. Kama ulivyo utani wa makabila, mgawanyo huu uliwapa watu njia ya kupambana bila kumwaga damu.

Mambo ya namna hii hayakuwa ya Wasukuma peke yao. Wasomaji wa historia ya pwani wanajua habari za ngoma ya beni, ambayo vyama vyake vya Marini na Arinoti vilishindana katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini beni iliiga gwaride na vyeo vya Wazungu, ambapo mashindano ya Wagika na Wagalu yalichota nguvu zake katika kilimo, uganga na uwindaji wa nchi yenyewe.

Sasa na tumwongoze mgeni wetu. Msimu ni wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, hasa kuanzia mwezi wa Juni hadi wa Agosti. Watu wana chakula, njia ni kavu, na kazi za shamba zimepungua. Uwanja wenyewe hauna ukuta wala mlango. Ni mahali peupe panapotosha kuwekea makundi mawili yanayoonana. Kila kundi huchukua upande wake. Ngoma hupigwa pande zote mbili kwa mpigo mmoja, wala hakuna zamu. Mgeni asiyejua atadhani kuwa hizo ni fujo, kwa kuwa sauti za upande mmoja zinagongana na za upande wa pili. Hiyo si fujo, bali ndiyo sheria. Kama wangecheza kwa zamu, watazamaji wangeona yote na wasingelazimika kuchagua.

Atazame nini? Kwanza amtazame ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Ningi hutunga maneno mapya kwa ajili ya msimu. Husifu, hukejeli, hukumbusha mambo yaliyotokea, na humchokoza mpinzani. Mgeni aombe mwenyeji amfasirie maneno hayo, maana nusu ya ushindi imo ndani yake. Kisha atazame ufundi wa kila kundi. Liko kundi la bugobogobo na majembe yake. Wako Bayeye, wataalamu wa nyoka, wanaocheza na chatu mkubwa akiwazunguka mwilini. Watu hawa si wachezaji tu, bali chama chao kilihifadhi elimu ya dawa za sumu ya nyoka, elimu iliyookoa maisha mashambani. Iko bunungule, ngoma ya wawindaji wa nungunungu. Iko pia wigashe, ambayo wachezaji wake huketi, wakaimba na kuchezesha viungo kwa pamoja. Makundi hubuni vituko vya kushangaza, vinyago na mizaha, na kila mara upande mmoja utoapo jambo jipya, umati huvuma kama upepo kuelekea huko.

Hapa mgeni atauliza habari ya dawa. Viongozi wa ngoma walikuwa waganga, na wafuasi waliamini kwamba ushindi hutokana na dawa ya kuvuta watu. Hatuna haja ya kuliamini jambo hilo, wala kulidharau. Tukilitazama kwa makini twaona kwamba dawa ilikuwa na kazi katika jamii: iliwafunga wachezaji kwa kiongozi wao, iliwapa moyo, na iliwafanya wafanye mazoezi kwa utii. Kiongozi aliyeshindwa mara kwa mara hakupotewa na heshima tu. Alipotewa na wafuasi, kwa kuwa watu walisema dawa yake imeisha nguvu. Hicho ndicho kilichowekwa rehani uwanjani.

Sasa twafika kwenye swali la tatu. Ni nani anayeamua? Hakuna meza ya waamuzi, hakuna saa, hakuna mstari wa mwisho. Mwamuzi ni umati. Jua likielekea kuzama, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda, na kila mwenye macho huona. Kwa hiyo swali la kwanza na la tatu la mgeni wetu ni swali moja. Aulizapo "Nisimame wapi?" anauliza pia "Nani ashinde?" Miguu yake ni kura yake. Mtoto, mama aliyebeba mwana mgongoni, mzee mwenye fimbo na mgeni kutoka mbali, kila mmoja anahesabiwa sawa. Wala kura hiyo haikufungwa. Mtu anaweza kuibadili mara kumi kwa siku kwa kuhama upande, na hakuna anayemlaumu. Katika mbio za farasi mtazamaji hubahatisha matokeo. Katika uwanja wa Wasukuma yeye huyafanya.

Utaratibu huu ulikutana na majaribu. Wamisionari wengi wa mwanzo waliziona ngoma hizi kuwa ni mambo ya kipagani, kwa sababu ya dawa zake. Baadaye walitokea walioona vingine. Huko Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya nyimbo, vyombo na habari za Wasukuma pamoja na wazee wenyewe. Sikukuu ya Ekaristi ikawa Bulabo, yaani sikukuu ya maua, na mashindano ya Wagika na Wagalu yakapewa nafasi ndani yake mwezi wa Juni. Makumbusho ya Bujora yalifunguliwa mwaka 1968. Mgeni anayetaka kuanza safari yake kwa utulivu na aanzie hapo.

Siasa nayo ilipita uwanjani. Kati ya mwaka 1954 na 1958 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha TANU katika Jimbo la Ziwa, ambalo Usukuma ulikuwa sehemu yake. Katika miaka hiyo vyama vya ushirika wa pamba vilikuwa vikikua, na watunzi waliimba habari za pamba, za ushirika, na baadaye za Uhuru. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ngoma zilizokuwa zimedharauliwa zilitambuliwa kuwa ni mali ya taifa zima.

Leo mazingira yamebadilika tena. Almasi iligunduliwa Mwadui mwaka 1940, na mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Watu wa makabila mengi wamekusanyika katika ukanda huo. Mashindano yenye zawadi yanaandaliwa, na pengine huwekwa jopo la waamuzi wanaotoa alama, huku makundi yakipanda jukwaani kwa zamu. Hatusemi kwamba zawadi ni mbaya. Mchezaji naye anahitaji kula. Lakini tuelewe kinachopotea. Kundi linalocheza kwa zamu mbele ya meza hujifunza kuwapendeza watu watatu. Na umati, ukishanyang'anywa uamuzi, hugeuka kuwa watazamaji tu, kama wale wa mbio za farasi.

Walimu na wanafunzi wanaweza kufanya jambo moja lililo rahisi. Siku ya michezo shuleni, vikundi viwili na vicheze kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na wanafunzi wengine waachwe waende watakako. Mwalimu asitoe alama. Baadaye darasani, kila mwanafunzi aulizwe: ulisimama wapi, ulihama lini, na kwa sababu gani? Atakayeweza kujibu atakuwa ameelewa kile walichokijua wazee wa Usukuma, kwamba kutazama ni kazi, na kwamba mahali mtu anaposimama panahesabiwa.