Sheria ya miaka 21 na mianya yake

Kila Agosti, vijana wetu wanapokuja Wisconsin kuanza chuo, wazazi hunipigia simu kutoka Mombasa na Dar es Salaam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku, nao huniona mwenyeji. Huniuliza: si Marekani pombe ni mwiko mpaka miaka 21? Jibu linahitaji historia.

Marufuku ya pombe ilipofutwa mwaka 1933, Katiba iliachia kila jimbo lijiamulie. Mengi yakachagua miaka 21, umri ule ule wa kupiga kura. Kisha vikaja vita vya Vietnam, na vijana wakauliza: wa miaka 18 anapelekwa kufa, mbona hapigi kura? Mwaka 1971 Katiba ikarekebishwa, wakapata kura, na bia nayo ikafuata. Kati ya 1970 na 1975 majimbo 29 yalishusha umri wa kunywa. Wisconsin iliufanya miaka 18 mwaka 1972.

Lakini majimbo jirani hayakulingana. Kijana aliyekataliwa kwao alivuka mpaka kwa gari, akanywa, akarudi usiku amelewa. Vifo vya barabarani vikazidi kuwaumiza watu. Mei 1980, huko California, dereva mlevi alimgonga na kumuua Cari Lightner, msichana wa miaka 13. Mama yake, Candy, akaanzisha MADD, chama cha akina mama wanaopinga ulevi barabarani. Kilio chao kilifika Washington, na Julai 1984 Rais Ronald Reagan akatia saini sheria ya miaka 21.

Sheria hiyo haikuyaamuru majimbo moja kwa moja. Iliyabana kwa fedha: litakalokataa lingekatwa asilimia 5 ya fedha za barabara kuu, kisha asilimia 10. South Dakota ilishtaki, ikashindwa katika Mahakama ya Juu mwaka 1987 kwa kura 7 dhidi ya 2. Mwaka uliofuata Wyoming ikawa ya mwisho kukubali. Yapo majimbo yaliyokubali kwa shingo upande, yakiogopa kukosa lami.

Tena serikali kuu ilidai majimbo yakataze kununua pombe na kuwa nayo hadharani. Kitendo chenyewe cha kunywa hakikutajwa, na mianya ikazaliwa hapo. Louisiana ilimkataza kijana kununua, lakini hadi katikati ya miaka ya 1990 ilimwacha mwenye baa amuuzie. Hapa Wisconsin, hadi leo mzazi anaweza kukaa baa na mwanawe wa chini ya miaka 21 akamnunulia bia, mwenye baa akiridhia. Na umri ulipopandishwa tarehe 1 Septemba 1986, waliokwisha kutimiza miaka 19 hawakuguswa. Wanafunzi wawili wa bweni moja waliweza kupishana siku chache za kuzaliwa, mmoja akanywa kihalali na mwenzake akavunja sheria.

Vyuo vikajikuta vinalinda sheria ambayo wanafunzi wengi hawaiheshimu. Mwaka 2008 zaidi ya marais 100 wa vyuo, wakiongozwa na John McCardell aliyewahi kuongoza Chuo cha Middlebury, walitaka umri huo ujadiliwe upya, wakisema umewafanya vijana wanywe kwa kujificha na kupita kiasi. MADD iliwapinga vikali. Vyuo vingine vilitafuta njia ya kuokoa maisha kwanza: tangu 2002 Cornell haimwadhibu anayempigia simu daktari kwa ajili ya mwenzake aliyezidiwa na pombe.

Msinielewe vibaya: miaka 21 imeokoa maisha ya maelfu barabarani, nami ningeipigia kura. Ila Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu haukati sawa. Anayekunywa nyuma ya mlango wa nyumba ya klabu ya wanafunzi hupita salama, na aliyeshika kopo kando ya barabara hulipa faini. Hiyo si haki, na kijana huipima serikali kwa anayoyaona.

Basi mzazi, usimwachie polisi kazi yako. Mwambie mwanao kwamba dereva wa chini ya miaka 21 huadhibiwa hata kwa kiasi kidogo sana cha pombe, na kwamba mwanafunzi mgeni akikamatwa akiendesha amelewa anaweza kufutiwa viza. Mwambie pia kwamba rafiki akizimia, apige 911 kabla ya kufikiria adhabu.