Mizani ya Umri wa Taa

Juu ya kila kisanduku cha globu ya LED kiuzwacho siku hizi, kuanzia Kariakoo ya Dar es Salaam hata Luthuli Avenue ya Nairobi, pameandikwa idadi ya saa ambazo taa hiyo yadaiwa itaishi, 15,000 au 25,000, na pengine 50,000. Na mnunuzi, ambaye hawezi kukaa kitako karibu miaka sita, usiku na mchana, akizihesabu saa hizo moja moja, hana la kufanya ila kulipa na kwenda zake. Idadi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ina nasaba ndefu, ndani yake wamo matajiri wa viwanda waliokula yamini, na maulamaa wa maabara waliobishana juu ya lini taa ihesabiwe kuwa imekufa, na hata wachuuzi wa kurunzi wa Bonde la Ufa. Na kila nikiifuatilia nasaba hiyo naliona swali moja likijitokeza, ambalo kwa maoni yangu lazidi uzito maswali yote ya hesabu na ya joto: taa iliyopimwa, ni nani aliyeichagua?

Mwezi wa Disemba 1924, wakubwa wa biashara ya globu duniani, miongoni mwao Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi na Compagnie des Lampes ya Ufaransa, huku General Electric ya Marekani ikishiriki kwa kupitia kampuni zilizokuwa chini ya mkono wake, walikutana Geneva wakafunga mkataba wa kugawana masoko, na chama chao wakakiita Phoebus. Katika masharti yao lilikuwamo moja la ajabu: globu ya nyumbani iishi saa 1,000 na isizidi, ilhali globu nyingi za wakati ule zilikuwa zikiwaka saa 1,500 hata 2,000. Ili sharti hilo lisiwe maneno matupu, kila kiwanda kililazimika kupeleka sampuli za globu zake katika maabara ya chama huko Uswisi, zikawashwa, saa zikahesabiwa, na kiwanda ambacho globu zake zilithubutu kuishi mno kikatozwa faini. Watetezi wa mkataba walisema kwamba uzi wa globu ukiwashwa kwa moto mkali zaidi hutoa nuru nyingi zaidi kwa umeme ule ule, na hilo ni kweli isiyokanika. Lakini faini ilitozwa kwa urefu wa umri, na mwenye insafu ataona wenyewe walikuwa wakitafuta nini. Vita vya 1939 vilikivunja chama hicho. Basi mmojawapo wa mipango mikubwa ya kimataifa ya kupima umri wa taa uliundwa ili taa zisiishi sana, na jambo hilo nalitaja si kwa kejeli, bali kwa kuwa laonyesha kwamba maabara ni mtumishi, na mtumishi humtii aliyemwajiri.

Globu ya uzi haina taabu kuipima, maana mauti yake ni bayana: uzi hukatika, chumba kikawa kiza, na hakuna wa kubishana. Wapimaji huliwasha kundi zima, na saa ambayo nusu ya kundi imekwisha kufa ndiyo iandikwayo kuwa umri wake. Taa ya LED haifi hivyo. Nuru yake hutoka katika kipande kidogo cha semikondakta, na kipande hicho, kisipounguzwa na joto wala kupigwa na umeme wa ghafla, huendelea kuwaka mwaka baada ya mwaka huku nuru yake ikififia polepole, kama yapunguavyo macho ya mzee ambaye mwenyewe hajui ni siku gani alianza kuusogeza msahafu karibu na uso. Nick Holonyak alipoiwasha LED yake nyekundu katika maabara ya General Electric huko Syracuse mwaka 1962, jambo hili halikumshughulisha mtu, kwa kuwa kazi ya vitaa vile kwa miaka mingi ilikuwa ni kuonyesha tu kwamba chombo kimewashwa, au kuandika tarakimu juu ya kikokotoo. Katika zama hizo za vitaa vya ishara ndipo lilipozoeleka dai la saa 100,000, yaani zaidi ya miaka 11, dai ambalo lilikuwa na ukweli wake kwa kitaa chekundu kinachopitiwa na umeme haba, na ambalo wafanyabiashara walilihamisha bila ya haya wakalibandika juu ya taa za kumulikia nyumba.

Na taa nyeupe ilikuwa kitu kingine kabisa. Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia katika kisiwa cha Shikoku, Japani, alifanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuipata LED yenye nuru kali ya buluu, na kwa kazi hiyo ya buluu yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Na mwaka 1996 Nichia ikatoa LED nyeupe, ambayo kwa hakika ni ya buluu iliyofunikwa na unga maalumu ugeuzao sehemu ya nuru hiyo kuwa ya manjano. Vitaa vya kwanza vya namna hii, vyenye kipenyo cha milimita 5 na kichwa cha epoksi, vilikuwa na ila kubwa, kwani ile buluu yenyewe, ikisaidiwa na joto, iliisawijisha epoksi iliyovifunika. Watafiti wa Lighting Research Center, katika mji wa Troy, jimbo la New York, waliviwasha wakaviona vikipoteza nusu ya nuru yao baada ya saa elfu kadha tu.

Ikabidi waulizane: kisichozimika kihesabiwe kufa lini? Kituo hicho hicho, kwa kupitia muungano wake na wenye viwanda uitwao ASSIST, ulioanzishwa 2002, kilipendekeza mwaka 2005 kwamba taa ya kumulikia ihesabiwe imemaliza umri wake nuru yake ikishuka hata asilimia 70 ya ile ya mwanzo, na taa ya pambo asilimia 50, kwa hoja kwamba jicho la mwanadamu, nuru ikipungua kidogo kidogo kwa muda mrefu, aghalabu halitambui upungufu usiofika asilimia 30. Kiwango hicho, kiitwacho L70, kimekubaliwa karibu kila mahali, wala sikipingi. Ila msomaji akumbuke kwamba ni maafikiano ya watu, si sheria ya maumbile, na kwamba bibi ashonaye usiku hakuulizwa kama asilimia 70 yamtosha.

Wakati maulamaa wakiafikiana juu ya mauti, huko sokoni ghiliba ilikuwa imekwisha tamalaki. Mwaka 2006 Wizara ya Nishati ya Marekani ilianzisha mpango uitwao CALiPER, ambao fadhila yake kubwa haikuwa katika mitambo bali katika mwendo wake: wapimaji walizinunua taa kwa njia zile zile anunuazo raia, bila ya kumwarifu mwenye kiwanda, kisha wakazipeleka maabara na matokeo wakayatangaza. Matokeo ya awali yalikuwa ya fedheha. Taa nyingi zilitoa nuru pungufu sana ya ile iliyoandikwa, kwa sababu mwenye kiwanda alikitwaa kipimo cha kipande kimoja cha LED, kilichochukuliwa kwa kufumba na kufumbua kikiwa bado baridi, akakizidisha kwa idadi ya vipande, bila ya kujali joto la ndani ya taa, wala kifuniko kizuiacho mwanga, wala kifaa cha kugeuzia umeme ambacho nacho hula sehemu yake.

Mwaka 2008 Illuminating Engineering Society, jumuiya ya wahandisi wa nuru iliyoasisiwa New York mwaka 1906, ilitoa kanuni mbili ambazo bado ndizo msingi wa kazi hii. LM-79 yaamuru taa ipimwe nzima, kama ilivyo, katika hewa ya nyuzi 25 za Selsiasi, ama ndani ya tufe kubwa lililopakwa rangi nyeupe, la namna aliyoibuni Mjerumani Richard Ulbricht, ambalo huikusanya nuru ya pande zote, au kwa chombo kiipimacho pembe kwa pembe. LM-80 yahusu umri, na ndiyo yenye mkono katika ile idadi ya kisandukuni. Hiyo haipimi taa; yapima kile kipande cha LED peke yake, ambacho kwa toleo lile la 2008 kiliwashwa kwa saa zisizopungua 6,000, na ikiwezekana 10,000, katika joto la nyuzi 55, na 85, na jingine alilolichagua mwenye kiwanda, nuru ikipimwa kila baada ya saa 1,000.

Saa 6,000 ni siku 250, na hizo zavumilika. Lakini anayetaka kushuhudia saa 50,000 atamaliza kupima bidhaa ambayo imekwisha toweka sokoni. Ndipo mwaka 2011 ikaja TM-21, kanuni ya hesabu ambayo huuchukua mwendo wa kufifia ulioonekana, ikiziacha saa 1,000 za mwanzo ambamo nuru aghalabu huyumba na hata kuongezeka, kisha ikauendeleza mbele mpaka uifikie asilimia 70. Lakini hapo waandishi wake walijifunga kwa kizuizi ambacho mimi nakihesabu kuwa ndilo tendo la uaminifu kupita yote katika kisa hiki: hata hesabu ikitoa saa 200,000, haijuzu kutangaza zaidi ya mara sita ya saa zilizopimwa kweli, endapo sampuli zilikuwa 20 au zaidi, na zikiwa kati ya 10 na 19, mara tano na nusu. Aliyepima saa 6,000 akomee 36,000. Laiti wachapaji wote wa visanduku wangeliisoma kanuni hiyo!

Serikali ya Marekani ilijaribu pia njia ya zawadi, dola milioni 10 kwa atakayeleta badala ya globu ya wati 60. Philips iliwasilisha taa 2,000 mwaka 2009, wapimaji wakatenga 200 wakaziwasha mfululizo katika joto la nyuzi 45, na zawadi ikatolewa Agosti 2011. Taa zenyewe ziliachwa zikaendelea kuwaka, na zilipopita saa 25,000 nuru yake kwa wastani ilikuwa haijapungua. Ni ushindi mkubwa wa ufundi, ingawa taa zile zililetwa na mshindani mwenyewe, na dukani taa moja iliuzwa takriban dola 50.

Ama kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili la upimaji liliingia kwa mlango wa paneli za sola. Mwaka 1999 Arne Jacobson na wenzake walizipima paneli ndogo zilizokuwa zikiuzwa Kenya, wakakuta nyingine zatimiza ahadi na nyingine zimepungukiwa sana, na habari ilipoenea wenye bidhaa hafifu walisukumwa kujirekebisha. Miaka michache baadaye vile vitaa vya milimita 5 vilifurika katika kurunzi za bei rahisi, na Jacobson, akiwa katika Schatz Energy Research Center huko California, alishirikiana na Evan Mills wa maabara ya Lawrence Berkeley na watafiti wengine kuzichunguza kurunzi hizo na watu wanaozitumia, katika miji kama Maai Mahiu na Kericho. Walichokikuta kila mwenye duka la kijijini alikuwa akikijua: swichi zafa, betri zafa, nuru yafifia, na mnunuzi aliyetiwa hasara mara mbili haamini tena taa yoyote ya LED, hata iliyo njema, bali hurejea kwa kibatari chake.

Mwaka 2007 Benki ya Dunia na tawi lake la sekta binafsi, IFC, zilianzisha Lighting Africa, mpango ulioanzia Kenya na Ghana, na kwa ajili yake taasisi ya Fraunhofer ya Freiburg, kisha Schatz, zilitunga njia ya kupimia taa za sola ambayo mwaka 2013 iliingizwa katika kanuni ya IEC, tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, yenye namba 62257-9-5. Na Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa miongoni mwa maabara zilizoifanya kazi hiyo. Tazama tofauti ya masharti. Taa ndogo ya sola sharti ibaki na asilimia 85 ya nuru yake baada ya saa 2,000. Iangushwe kutoka kimo cha mita moja. Swichi yake ibonyezwe mara 1,000. Na tarakimu zilizotangazwa zisiachane na zilizopimwa kwa zaidi ya asilimia 15. LM-80 haijui kuanguka. Na kilicho bora kuliko vyote, sampuli huchaguliwa bila ya upendeleo na mtu wa tatu, ghalani au dukani, kisha taa zilizokwisha faulu hununuliwa tena sokoni kuangaliwa kama mwenye kiwanda hakupunguza kitu baada ya kupata cheti.

Globu za umeme wa nyumbani hazina bahati hiyo. Mwaka 2014 zilitoka kanuni nyingine mbili, LM-84 na TM-28, za kupima umri wa taa nzima, lakini idadi iliyochapishwa kisandukuni bado aghalabu ni ya kipande cha LED, ilhali kinachoiua globu mapema ni kile kifaa cha kugeuzia umeme kilichofichwa kwenye shingo yake, ambacho kapasita zake hukaushwa na joto. Rai yangu kwa mashirika ya viwango, KEBS ya Kenya, TBS ya Tanzania na wenzao wa Uganda, ni hii: wakitaka kuipima globu, wasitosheke na sampuli iletwayo mezani na mwagizaji, wamtume mtu asiyejulikana, mwenye fedha taslimu mkononi, akanunue katika rafu ile ile anunuapo mwananchi, na majina ya globu zitakazoshindwa yachapishwe gazetini.