Limfoma ya Burkitt: Saratani ya watoto inayofuata ramani ya malaria

MIONGONI mwa saratani zinazowashambulia watoto Afrika Mashariki, ni chache zilizo na ramani dhahiri kama limfoma ya Burkitt. Maradhi haya huonekana kwa wingi kandokando ya Ziwa Victoria na katika ukanda wa Pwani, ilhali ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Tofauti hiyo ndiyo iliyowawezesha wataalamu kung'amua chanzo chake.

Limfoma ni saratani ya chembechembe nyeupe za damu, ambazo ni sehemu ya kinga ya mwili. Lukemia, saratani nyingine ya chembechembe hizo, huanzia katika uboho wa mifupa na kuenea katika damu. Limfoma, kwa upande wake, aghalabu hujitokeza kama uvimbe. Ile ya Burkitt huwapata zaidi watoto wa umri wa miaka 4 hadi 9, na wavulana huugua takriban mara 2 zaidi ya wasichana.

Safari ya kilomita 16,000

Maradhi haya yalipewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, jijini Kampala. Mnamo 1957 alionyeshwa mtoto aliyekuwa amevimba mataya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine mwenye hali iyo hiyo katika hospitali ya Jinja. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo yake ya kwanza.

Mwishoni mwa 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika na kurejea, wakiuliza katika kila hospitali iwapo uvimbe huo ulikuwa umeonekana. Walibaini kwamba karibu na ikweta, ugonjwa ulikoma katika mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya bahari. Kadiri walivyoelekea kusini, ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Hivyo basi, kilichokuwa muhimu si mwinuko wenyewe bali joto, pamoja na mvua. Maeneo hayo yalilingana na yale ambako mbu huambukiza malaria karibu mwaka mzima.

Virusi pamoja na malaria

Mapema mwaka huo wa 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara jijini London, ambapo mtafiti Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mnamo 1964 Epstein pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wamegundua virusi vipya ndani ya seli zake. Virusi hivyo, vinavyoitwa Epstein-Barr, vilikuwa vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hata hivyo, virusi peke yake haviwezi kueleza ramani hiyo. Watu wengi duniani huviambukizwa kupitia mate, na barani Afrika watoto wengi huwa navyo kabla ya kutimiza miaka 3. Walio wengi hawapati saratani kamwe.

Hapo ndipo malaria inapoingia. Vimelea aina ya falciparum huzichochea seli za kinga ziitwazo seli B kugawanyika mara kwa mara. Wakati huo huo, hudhoofisha uwezo wa mwili wa kuvidhibiti virusi. Katika purukushani hiyo, jeni inayoitwa MYC huweza kuhama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi hadi ile ya 14, na seli ikaanza kuzaana bila kikomo.

Ushahidi mwingine ni kwamba uvimbe huu ulikuwa nadra Unguja na Pemba baada ya malaria kudhibitiwa visiwani humo. Isitoshe, watafiti wameona kwamba watoto waliorithi jeni moja tu ya selimundu, hali inayowakinga dhidi ya malaria kali, huugua limfoma hii kwa kiwango cha chini.

Lakini si kila jaribio lililotoa jibu la wazi. Katika eneo la North Mara, Tanzania, watoto walipewa dawa ya klorokwini kuanzia 1977 hadi 1982. Visa vya limfoma vilipungua, ila upungufu huo ulikuwa umeanza hata kabla ya dawa kugawiwa.

Kinga na dalili

Kufikia sasa hakuna chanjo iliyoidhinishwa dhidi ya virusi vya Epstein-Barr. Njia iliyopo ni kupambana na malaria kwa vyandarua vyenye dawa, matibabu ya mapema na chanjo ya malaria, ambayo Kenya ilianza kuitoa mnamo Septemba 2019 katika maeneo ya magharibi.

Wazazi nao wanapaswa kuzijua dalili. Taya huvimba, meno hulegea au kukaa upande, na jicho huweza kutokeza nje. Kwa watoto wengine, hasa wakubwa kidogo, tumbo ndilo linalovimba. Uvimbe huu si matokeo ya laana wala kurogwa, na hauambukizwi kwa kula pamoja na mgonjwa.

Hatari kubwa ni kuudhania kuwa jipu la jino. Seli za limfoma hii zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2 tu, hivyo kila wiki inayopotea kwa kung'oa meno au kuzunguka kwa waganga humpunguzia mtoto nafasi ya kupona. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Habari njema ni kwamba saratani hii husikia dawa upesi, mara nyingi bila kuhitaji upasuaji. Katika mataifa tajiri, takriban watoto 9 kati ya 10 hupona. Barani Afrika idadi hiyo iko chini mno, hasa kwa sababu wengi hufikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa, au hukatiza matibabu kwa kukosa nauli na fedha. Uvimbe wowote wa taya usiopungua kwa siku chache wapaswa kuchunguzwa na daktari bila kukawia.